Kapodistrias: Aliijenga Ugiriki, akauawa mlangoni mwa kanisa

Asubuhi ya Jumapili, Oktoba 9, 1831, Ioannis Kapodistrias alikuwa anaingia kanisani mjini Nafplio. Wanaume wawili walikuwa wanamsubiri mlangoni. Mmoja akampiga risasi, mwingine akamchoma kisu. Kiongozi wa kwanza wa Ugiriki mpya akafa hapohapo.

Jamaa alizaliwa kisiwani Corfu mwaka 1776, akasomea udaktari Padua, Italia, kisha akapanda hadi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Urusi. Ndiyo, Mgiriki kwenye serikali ya Tsar! Uswisi nayo inamkumbuka kwa kusaidia isiegemee upande wowote.

Alipotua Ugiriki Januari 1828 alikuta nchi hoi kwa vita na hazina tupu. Akakataa mshahara, akaleta sarafu mpya, akafungua shule. Shida ikawa wakubwa wa koo, waliozoea kujikusanyia kodi wenyewe. Hakuwabembeleza, na pengine hapo ndipo alipokosea. Alimtupa jela Petrobey Mavromichalis, mkuu wa watu wa Mani.

Wale wawili wa kanisani? Ndugu yake Petrobey na mtoto wake. Alama ya risasi bado wageni wanaonyeshwa ukutani.