Sir Clutha Mackenzie, Askari Kipofu Aliyewatafutia Vipofu wa Dunia Maandishi Mamoja

Mtu akitoka Butembo akapita Beni, kisha akashika njia ya Kasindi, milima ya Ruwenzori ikiwa mkono wake wa kushoto, atafika mpakani na kuingia nchi ya Uganda. Wafanyabiashara wetu waijua njia hiyo vizuri. Huko ng'ambo, katika miaka ya 1950, alifika kufanya kazi mtu mmoja aliyekuwa amepoteza macho yake yote mawili vitani. Vipofu wa India na wa Uchina, wa Ulaya na wa Afrika, walimjua. Nasi twapenda kuwasimulia maisha yake.

Clutha Mackenzie alizaliwa tarehe 10 Februari 1895, huko Balfour, katika kisiwa cha kusini cha New Zealand. Ni nchi ya mbali sana, imezungukwa na bahari pande zote, na mashamba yake yamejaa kondoo. Baba yake, Thomas Mackenzie, alikuwa mtu wa serikali, hata mwaka 1912 akawa waziri mkuu kwa muda wa miezi michache. Hivyo kijana huyu hakukua katika shida.

Ilipoanza vita kuu ya mwaka 1914, Clutha alijiandikisha katika kikosi cha askari wa farasi. Lakini farasi hawakufaa kitu mahali walipopelekwa. Walipelekwa Gallipoli, pwani ya Uturuki, penye majabali na makorongo, wakapigana kwa miguu. Mwezi wa Agosti 1915, juu ya kilima kiitwacho Chunuk Bair, Clutha alijeruhiwa vibaya, akawa kipofu. Alikuwa na miaka 20.

Yafaa tusimame kidogo hapa. Mtu aliyezaliwa kipofu huijua dunia kwa masikio na vidole tangu utoto wake. Lakini kijana aliyekuwa akipanda farasi jana, leo akawa hawezi kukipata kikombe chake mezani, huona kwamba maisha yake yamekwisha. Na watu wanaomzunguka, kwa huruma yao, humsaidia kuona hivyo. Humlisha, humkalisha, humwambia apumzike. Nasi katika vijiji vyetu twafanya hivyo hivyo. Kipofu hupewa chakula, wala hatumnyimi. Bali jembe hatumpi. Kama ni mtoto, hatumwandiki shuleni.

Clutha alipelekwa Uingereza, akaingia katika nyumba iitwayo St Dunstan's, mjini London. Nyumba hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka ule ule wa 1915 na Arthur Pearson, tajiri mwenye magazeti, ambaye naye alikuwa amepofuka. Pearson hakutaka askari wake wahurumiwe. Aliwafundisha kazi: kufuga kuku, kushona viatu, kusuka mikeka na vikapu, kupiga chapa kwa mashine. Clutha alijifunza kupiga chapa, tena akajifunza kusoma kwa vidole. Mwaka 1916, mwaka mmoja tu baada ya jeraha lake, alishika kazi ya mhariri wa gazeti la askari wa New Zealand waliokuwa ng'ambo, akaifanya mpaka mwaka 1919.

Kuhusu kusoma kwa vidole, huenda baadhi yenu hamjaona jambo hili. Maandishi hayo yalitungwa na Mfaransa kipofu, Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, akapofuka angali mtoto mdogo kwa kucheza na chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Yeye alitumia nukta sita tu, tatu upande huu na tatu upande huu, zilizoinuka juu ya karatasi kama vipele. Nukta moja ya juu kushoto ni A. Ukiongeza nyingine chini yake ni B. Kwa kuzipanga nukta hizo sita hupatikana alama 63, zinazotosha herufi, tarakimu, hata muziki. Kipofu huandika kwa kutoboa karatasi kwa kijiti cha chuma, akianza kulia kwenda kushoto; kisha huigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenye kuona akijaribu mara ya kwanza, hakosi kuchanganyikiwa.

Vita vilipokwisha Clutha alirudi kwao. Alikaa kidogo bungeni, toka 1921 hata 1922, akashindwa katika uchaguzi. Labda ilikuwa heri, maana mwaka 1923 alifanywa mkuu wa nyumba ya vipofu ya Auckland, akaiongoza miaka 15. Mwaka 1935 mfalme wa Uingereza alimpa cheo, ndipo akaitwa Sir Clutha.

Vita vya pili vilimpeleka India. Askari wengi wa India walikuwa wamepoteza macho, naye akawaongoza katika nyumba yao ya mafunzo huko Dehra Dun, chini ya milima ya Himalaya. Hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo lilimshughulisha kuliko mengine yote.

Tatizo lenyewe ni hili. India ina lugha nyingi, na kila lugha kubwa ina herufi zake. Walimu wa vipofu, na wengi wao walikuwa wamisionari, walikuwa wamezichukua nukta sita za Braille, lakini kila mmoja alizipanga kwa akili yake. Alama iliyokuwa K katika shule moja ilikuwa sauti nyingine katika shule ya pili. Walimu hao walikuwa watu wema, nao walifanya kazi kwa bidii. Hata hivyo bidii yao ilijenga kuta. Kipofu aliyefundishwa mji huu hakuweza kusoma barua ya kipofu wa mji ule. Na kwa kuwa vitabu vya nukta ni vikubwa na vya gharama, kila maandishi yalipata vitabu vichache mno. Wala msidhani kwamba ni India tu. Hata wasemao Kiingereza, wa Marekani na wa Uingereza, waligombana juu ya nukta miaka mingi, wakapatana mwaka 1932 tu.

Mwaka 1949 serikali ya India ililipeleka jambo hilo mbele ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu. UNESCO ikamwita Sir Clutha awe mshauri wake. Mwezi wa Machi 1950 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Paris, katika mji ule ule alimoishi na kufa Louis Braille. Wakakubaliana juu ya kanuni hii: alama ya Braille ibaki na sauti yake ya asili katika lugha zote, kadiri iwezekanavyo, na lugha yenye sauti isiyokuwamo katika Kifaransa ipewe alama iliyobaki.

Kanuni ni rahisi kuitamka. Kuitimiza kulikuwa kazi, maana kila mjumbe alipaswa kuacha kitu alichokizoea tangu utoto. Mwaka 1951 walikutana tena Beirut kwa ajili ya lugha za Asia na za Waarabu. Fikirini juu ya Waarabu: maandishi yao hutoka kulia kwenda kushoto tangu zamani. Nao walikubali Braille yao isomwe kutoka kushoto kwenda kulia, ipate kulingana na ya wenzao. Mwaka ule ule walikutana Montevideo, Amerika ya Kusini, kwa ajili ya Kihispania na Kireno. Kisha likaundwa baraza la Braille la dunia, na Sir Clutha akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa kitabu alichokiandika, kinachoonyesha alama za lugha nyingi, ukurasa kwa ukurasa. Basi kipofu wa Beni anayesoma Kiswahili kwa kidole, na kipofu wa Paris anayesoma Kifaransa, wote wawili hukuta A ile ile na M ile ile.

Mtu mwingine angaliona kwamba kazi yake imetosha. Sir Clutha alikuwa na miaka karibu 60 alipokuja kufanya kazi Uganda. Hapo hakushughulika na vitabu tu. Alijua kwamba vipofu wengi wa Afrika ni watu wazima, tena ni wakulima, na kusoma peke yake hakutawapa chakula. Kwa hiyo kilifunguliwa chuo cha kilimo cha vipofu mahali paitwapo Salama, upande wa Mukono, si mbali na Kampala. Watu hushangaa wakisikia kwamba kipofu hulima. Lakini kamba ikifungwa kwenye vijiti viwili, safu yake hunyoka. Na vidole vikizoea, hutambua jani la haragwe na jani la gugu. Mama zetu hupalilia hata jioni giza likiingia, wala hatushangai.

Kwa upande wa watoto, mwaka 1955 shule ya vipofu ilianzishwa Madera, karibu na Soroti, kwenye misioni ya Wakatoliki. Shule hiyo yaitwa kwa jina la Mtakatifu Fransisko.

Mwandishi wa maneno haya anafundisha shule ya msingi, na miongoni mwa wakatekumeni wake yumo mzee mmoja asiyeona. Sala zote amezishika kwa moyo kuwapita wenzake. Nilipomsimulia habari za nukta sita, aliuliza kama kidole chenye sugu za jembe chaweza kuzitambua. Nilimjibu kwamba huwa ni vigumu zaidi, lakini wapo waliojifunza wakiwa watu wazima, na Clutha mwenyewe hakuwa mtoto. Akaniomba nimletee ukurasa mmoja aupapase. Bado ninautafuta.

Sir Clutha Mackenzie alifariki mwaka 1966, mjini Auckland, akiwa na umri wa miaka 71. Kati ya miaka hiyo, zaidi ya 50 aliishi bila kuona.