Profesa Odhiambo, mwana wa Mombasa aliyewasoma wadudu

Sisi watu wa Pwani twapenda kuwahesabu wana wetu: washairi, masheikh, wanasiasa, hata wachezaji mpira. Lakini kuna mmoja twamsahau, ingawa alizaliwa papa hapa Mombasa mwaka 1931. Naye ni marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Asili yake ni Nyanza. Alisoma Maseno, kisha Makerere, akafanya kazi ya kilimo Uganda. Mwaka 1959 alikwenda Cambridge, Uingereza, akachunguza homoni za nzige wa jangwani hadi akapata shahada ya udaktari mwaka 1965. Hakulowea huko. Alirudi Nairobi kufundisha chuo kikuu.

Zama hizo, dawa ya mdudu mharibifu ilikuwa sumu tu. Odhiambo alishika njia nyingine. Kwake yeye, mdudu husomwa kwanza: ala nini, azaa vipi, avutwa na harufu gani, adui yake ni nani. Ukishamjua, huna haja ya kumwaga sumu ambayo mkulima maskini hawezi kuinunua, na ambayo huua nyuki pamoja na mharibifu. Kwa fikra hiyo alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE mwaka 1970, akakiongoza hadi 1994.

Kituo hicho kina tawi Mbita, Homa Bay, kandokando ya Ziwa Victoria, na leo tawi hilo labeba jina lake. Huko ndiko kulikokuzwa kilimo cha sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo ambao funza wao hutoboa mabua. Pembezoni hupandwa nyasi za mifugo zinazowavuta nondo hao. Mizizi ya desmodiamu pia huzuia kayongo, gugu linalonyonya mahindi. Mkulima wa Uriri, kule Migori, ambaye shamba lake limewahi kuvamiwa na gugu hilo haelezwi thamani ya elimu hii.

Profesa hakuwa mwalimu wa televisheni wa kuwaonyesha watoto maajabu ya chupa na moshi. Hata hivyo hakuwasahau watoto, kwani aliwaandikia vitabu vya sayansi. Alishiriki pia kuasisi Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Alifariki Mei 2003.

Sasa tujiulize, ndugu zangu. Mtoto wa Kisauni au Likoni akichutama ukutani kutazama siafu, twamwambia nini? Wengi wetu twamkemea aache uchafu, kisha twalalamika kuwa watoto wetu hawafanyi vyema katika sayansi. Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi, mwache mtoto atazame, na akuulizapo jambo usilolijua, tafuteni jibu pamoja. Nanyi walimu, wasimulieni wanafunzi kwamba bingwa huyu wa wadudu alizaliwa mji huu huu wetu.