Maisha ya John Quincy Adams, Rais Aliyerudi Kuwa Mbunge

John Quincy Adams alizaliwa tarehe 11 Julai 1767 huko Massachusetts, Marekani, wakati nchi ile ingali chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake, John Adams, ndiye aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Marekani. Kijana alilelewa juu ya ilimu na safari. Alipotimia miaka 14 alikwenda Urusi pamoja na mjumbe wa nchi yake, awe katibu na mkalimani. Baadaye akawa balozi katika nchi kadha wa kadha za Ulaya, kisha Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1825 akashika Urais. Urais wake haukufana. Katika uchaguzi wa mwaka 1828 Andrew Jackson alimshinda, naye akarudi kwao.

Wengi walidhani khabari zake zimekwisha. Aliyekwisha kukaa katika kiti kikubwa aghlabu huona haya kukalia kidogo. Lakini mwaka 1830 watu wa kwao walimchagua aende Baraza la Wawakilishi, akakubali, akaingia barazani mwaka 1831 akiwa na umri wa miaka 64. Alidumu humo hata kufa kwake.

Siku zile utumwa ulikuwa halali katika majimbo ya kusini, na watu wa kaskazini, wanaume kwa wanawake, walileta maombi yenye saini nyingi wakitaka ukomeshwe, khasa katika mji mkuu wa Washington. Wabunge wa kusini wakaghadhibika. Mwaka 1836 Baraza likapitisha kanuni, kwa kura 117 dhidi ya 68, kwamba kila ombi lihusulo utumwa liwekwe kando, lisijadiliwe. Yafaa ifahamike kwamba Adams, ingawa aliuona utumwa kuwa ni dhulma, hapo mwanzo hakuwa miongoni mwa waliotaka ufutwe mara moja. Alichokipigania ni haki ya mnyonge kufikisha lalamiko lake mbele ya wakubwa. Kikao baada ya kikao alisimama na maombi mkononi. Mwaka 1837 aliuliza kama yajuzu kupokea ombi la watumwa wenyewe, watu 22. Baraza likachafuka, wengine wakataka akaripiwe rasmi. Mwaka 1842 walijaribu tena kumkaripia, naye akajitetea siku nyingi hata wakachoka wenyewe. Tarehe 3 Desemba 1844 kanuni ile ikafutwa, kwa kura 108 dhidi ya 80. Utumwa wenyewe haukufutwa mpaka mwaka 1865, naye alikuwa kaburini zamani.

Katikati ya mapambano hayo kulitokea shauri la meli Amistad. Waafrika walioibwa upande wa Sierra Leone na kuuzwa Cuba, wakiongozwa na Sengbe Pieh, waliiteka meli hiyo mwaka 1839, kisha wakakamatwa katika pwani ya Marekani. Serikali ilitaka watiwe mikononi mwa Wahispania. Mwaka 1841 Adams, mzee wa miaka 73, alisimama mbele ya Mahkama ya Juu kuwatetea, akiipinga serikali ya nchi aliyoiongoza yeye mwenyewe. Waliachwa huru, na mwaka huo huo watu 35 waliosalia wakapanda meli kurudi kwao.

Tarehe 21 Februari 1848 Baraza lilikuwa likipiga kura ya kuwaheshimu maofisa wa vita vya Mexico, vita alivyovipinga. Alitamka kukataa kwake; punde akaanguka mezani pake. Wakambeba hadi chumba cha Spika, na humo, ndani ya jengo la Baraza, akafariki tarehe 23, umri wake miaka 80.