Baruch Blumberg na Siri ya Damu

Ukichomwa na mwiba, tone la damu hutokeza. Ukilitazama, huoni tofauti kati yake na damu ya jirani yako. Hata hivyo, ndani yake huweza kujificha ugonjwa ambao mwenyewe hana habari nao. Baruch Blumberg alituwezesha kuutambua mmoja wa magonjwa hayo.

Blumberg alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1925. Baada ya kuwa daktari, alisafiri nchi nyingi akikusanya damu, kwani alitaka kujua kwa nini watu wengine hupatwa na maradhi fulani na wengine hawapatwi. Mwaka 1963, yeye na mwenzake walikutanisha majimaji ya damu ya mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi na yale ya mwenyeji wa asili wa Australia. Pale yalipokutana pakatokea mstari. Walikuwa wamegundua kitu kigeni, lakini hawakujua ni nini.

Hawakukata tamaa. Mwaka 1966, mtoto mmoja ambaye hapo kwanza hakuwa na kitu hicho alionekana kuwa nacho. Alipochunguzwa, ini lake lilikuwa limeugua. Hatimaye ilithibitika kwamba kitu kile ni ganda la kirusi cha homa ya ini aina ya B.

Ganda peke yake haliambukizi. Kwa hiyo, mwaka 1969, Blumberg na Irving Millman walibuni njia ya kulitenga katika damu ili litengenezewe chanjo. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, akafariki mwaka 2011.

Je, majibu ya kipimo yana maana gani? Ganda likionekana, kirusi kimo mwilini, hata kama mtu anajiona mzima. Likidumu zaidi ya miezi 6, ugonjwa umekuwa sugu. Baada ya miaka mingi ini huweza kupata makovu au saratani. Mtu huyo achunguzwe na daktari mara kwa mara. Ganda likikosekana na kingamwili dhidi yake zikaonekana, mtu huyo amekingika.

Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hivi hubaki na ugonjwa sugu. Ndiyo sababu watoto wachanga huchanjwa. Nawe usimkimbie mgonjwa: kula naye au kumpa mkono hakuambukizi. Bali usichangie wembe wala sindano na mtu yeyote.

Maswali
1. Kwa nini mtu anayejiona mzima huhitaji kupimwa damu?
2. Eleza sababu ya kuwachanja watoto wangali wachanga.