Daktari wa jicho moja aliyezunguka Afrika kusaka uvimbe wa taya za watoto

Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt anaitwa kumuona mtoto wa miaka kama mitano. Taya zimevimba pande zote nne, meno yamelegea. Jipu? Haliwezi kutokea sehemu nne kwa mpigo.

Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, anachungulia dirishani na kumuona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Anampima, anakuta uvimbe na tumboni. Hapo ndipo akashtuka.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja akiwa na miaka 11. Alifika Uganda 1946.

Akaanza kufukua mafaili ya Mulago. Watoto wengi walikuwa wameandikiwa saratani tofauti tofauti, kumbe ugonjwa ni mmoja. Aliuandikia makala mwaka 1958. Kisu hakikusaidia: unakata, uvimbe unarudi, na mtoto anafariki ndani ya miezi michache.

Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakatoka Kampala hadi Afrika Kusini. Wiki 10, kilomita kama 16,000. Kila hospitali walionyesha picha na kuuliza swali moja tu: mmewahi kuona hii?

Majibu yalitoa ramani. Ugonjwa ulikuwepo kwenye joto, mvua na malaria, ila si kwenye milima yenye baridi. Ipuli na Tabora yote, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziko ndani ya ukanda huo.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kwenda London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakagundua kirusi ndani yake.

Burkitt akajaribu dawa za saratani. Uvimbe mwingine uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa.

Hadi leo dawa ndiyo tiba, lakini uvimbe huu hukua kwa kasi mno, na kung'oa meno yaliyolegea ni kupoteza muda. Kwanza hukatwa kipande cha nyama kikapimwe maabara. Kanda ya Ziwa, Bugando ya Mwanza ni kati ya hospitali zinazoutibu.

Burkitt alirudi Uingereza 1966, akapata umaarufu mwingine kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 1993 akiwa na miaka 82.