Marie Muilu, mama aliyeshika nyumba ya Simon Kimbangu kwa miaka 38

Kila tarehe 27 mwezi wa nne, Wakimbanguisti wanamkumbuka Mama Marie Muilu Kiawanga, aliyefariki siku hiyo mwaka wa 1959. Inje ya kanisa lao, Wakongomani wengi wanamjua tu kama bibi ya Simon Kimbangu. Mara nyingi historia inasimuliwa hivi: kesi ya Thysville, fimbo, gereza la Elisabethville, halafu tunaruka moja kwa moja mpaka uhuru. Katikati pale kuna miaka 38 ambayo watu wachache wanaizungumzia. Miaka ile ilibebwa na mwanamke aliyebaki kijijini na watoto watatu wadogo, huku bwana yake amefungwa upande mwingine wa inchi.

Nkamba, kijiji cha Kimbangu, kiko karibu na mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, katika jimbo la Kongo Central. Muilu na Kimbangu walibatizwa mwaka wa 1915 na wamisionere wa Kibatisti kutoka Uingereza, kwenye misioni ya Ngombe Lutete. Walikuwa na watoto watatu, wote wavulana: Charles Kisolokele aliyezaliwa mwaka wa 1914, Salomon Dialungana mwaka wa 1916 na Joseph Diangienda mwaka wa 1918. Kwa Wakongo, tofauti na Bashi au Banande wa huku mashariki, mtoto anahesabiwa katika ukoo wa mama yake. Ni mama pia aliyebeba shamba: muhogo, karanga, kuni, maji. Kwa hiyo, hata kabla ya jina la Kimbangu kujulikana, nyumba ile ilisimama juu ya mikono ya Muilu.

Tarehe 6 mwezi wa nne mwaka wa 1921, Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa, na habari ikaenea upesi kuliko treni. Watu waliacha kazi kwenye mashamba ya Wazungu, wengine wakabeba wagonjwa wao kutoka hospitali na kuwaleta Nkamba. Masimulizi yanataja umati, miujiza na hofu ya wakoloni. Hayamtaji sana mama mwenye kiwanja, ambaye ghafla alijikuta na wageni wasiohesabika mbele ya mlango wake. Kila mwanamke aliyewahi kupokea matanga nyumbani kwake anaweza kuwaza kazi ile.

Haikudumu. Tarehe 6 mwezi wa sita, administrateri Mbelgiji Léon Morel alikuja na askari kumkamata Kimbangu. Kimbangu akaponyoka, na askari wakapora kijiji. Kwa miezi mitatu alijificha na kuhubiri kwa siri, kisha tarehe 12 mwezi wa tisa akarudi Nkamba na kujiacha akamatwe. Tarehe 3 mwezi wa kumi, mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alipelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, umbali wa zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwake. Hakurudi Nkamba akiwa hai.

Muilu hakupoteza bwana peke yake. Kisolokele, mtoto wa miaka saba, alichukuliwa pamoja na baba yake, kisha akapelekwa kwenye shule ya koloni kule Boma. Diangienda naye alikuja kusoma hukohuko baadaye. Serikali ilitaka watoto wa nabii walelewe chini ya macho yake. Dialungana ndiye aliyebaki karibu na mama.

Kusali kwa jina la Kimbangu kulikatazwa. Nkamba yenyewe ikawa mahali pa kuchungwa, na kwenda kumtembelea Muilu kuliweza kumfikisha mtu gerezani. Hata hivyo watu walikuja, mara nyingi usiku, na yeye aliwapokea, akasali nao, akawarudisha na maneno ya kuwatia nguvu wenzao. Ujumbe ulipita mdomo kwa mdomo, nyimbo zikashikwa kichwani. Hakuwa na ofisi wala cheo. Mchana alikuwa mwanamke wa shamba kama wengine wa kijiji chake, na pengine ndiyo sababu Bula Matari hakuwahi kuelewa vizuri kwamba kanisa alilofikiri amelivunja lilikuwa linaongozwa na mwanamke mwenye jembe.

Hapa ndipo habari hii inafika kwetu. Kuanzia mwaka wa 1921, Wabelgiji waliwahamisha waamini kwa nguvu, mbali na Kongo ya chini. Kanisa linahesabu familia 37,000 zilizopelekwa uhamishoni katika miaka yote ya mateso. Kambi moja iliyoogopwa sana ilikuwa Lowa, kando ya mto, katika teritwari ya Ubundu. Wengine walitawanywa Équateur, Kasai na Katanga. Hesabu ya wakoloni ilikuwa rahisi: ukitenganisha watu na kijiji chao, imani yao itakufa. Ikawa kinyume. Wahamishwa walifundisha majirani wao wapya, na imani iliyozaliwa kwa Wakongo ikasemwa kwa Kiswahili na Kilingala. Kama Muilu angekubali kunyamaza, wale waliofungwa mbali wangebaki wakitazama nyuma kwenye kijiji kitupu.

Tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka wa 1951, Kimbangu alifariki Elisabethville, baada ya miaka 30 gerezani. Akazikwa kulekule. Kwa miaka yote ile Muilu hakuwa mjane, wala hakuwa mke mwenye bwana nyumbani. Sasa alikuwa mjane bila kaburi la kulilia.

Watoto walikuwa wamekua. Diangienda, aliyekuwa karani katika utawala wa koloni, alianza kukusanya vikundi vya siri na kuvipa umbo la kanisa moja. Katikati ya miaka ya 1950, viongozi wa waamini walimwandikia gavana mkuu Léon Pétillon wakisema afadhali wauawe wote kwa pamoja kuliko kuendelea kukamatwa mmojammoja. Mwisho wa mwaka wa 1957, serikali ilianza kuwaachilia wasali. Ndugu watatu waligawana kazi, jambo lisilo la kawaida katika familia zenye jina kubwa: Diangienda kwenye uongozi wa kanisa, Dialungana kama mlinzi wa Nkamba, Kisolokele kwenye siasa na chama cha ABAKO.

Mama yao aliona mwanzo tu. Alifariki miezi minane kabla ya tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1959, siku ambayo serikali ya koloni ililitambua kanisa rasmi. Mwezi wa nne mwaka uliofuata, mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba kutoka Elisabethville. Miezi michache baadaye Kisolokele, yule mtoto aliyechukuliwa na askari, aliingia katika serikali ya Patrice Lumumba kama waziri wa nchi. Mwaka wa 1969 kanisa likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kati yake wamo wanawake wachungaji, na si ajabu katika kanisa lililoongozwa na mama miaka yote ya maficho.

Nyumba aliyoishika ilibaki moja maadamu wana wake watatu walikuwa hai. Kisolokele na Diangienda walifariki mwaka wa 1992, Dialungana mwaka wa 2001. Uongozi ulimwendea Simon Kimbangu Kiangani, mwana wa Dialungana. Baadhi ya wajukuu wengine hawakukubali, wakidai kwamba wajukuu wote 26 wana haki sawa, na tangu hapo wazao wa Muilu wanasali katika makanisa mawili.