Dr. Coley: daktari aliyetumia bakteria kupigana na kansa

Wadau, hebu jiangalie juu ya mkono, karibu na bega. Wengi wetu tuna kakovu pale ka chanjo ya kifua kikuu, BCG. Sasa sikieni hii: BCG hiyo hiyo leo madaktari wanaiweka kwenye kibofu cha mkojo kutibu kansa. Nilipofuatilia wazo hili lilianzia wapi, nikakutana na Dr. William Coley.

Huyu bwana alizaliwa Marekani mwaka 1862, akamaliza udaktari Harvard mwaka 1888, kisha akawa daktari wa upasuaji New York. Mwaka 1890 alimpokea msichana wa miaka 17 mwenye kansa mkononi. Akaukata mkono, lakini wapi! Ugonjwa ulishasambaa. Januari 1891 binti akafariki.

Kile kifo kilimuuma Coley. Akaanza kupekua mafaili ya zamani ya hospitali, akakuta habari ya mgonjwa mwenye uvimbe wa kansa shingoni ambaye madaktari walishamkatia tamaa. Mgonjwa yule akapata maambukizi makali ya ngozi, homa ikapanda, na uvimbe ukayeyuka! Coley akamsaka mitaa ya Manhattan mpaka akampata, mzima kabisa, miaka kama 7 baadaye.

Akajiuliza: je, nikiwaambukiza wagonjwa makusudi? Mwaka huo huo wa 1891 akaanza kuwachoma bakteria hai. Mgonjwa wa kwanza nusura afe, lakini uvimbe ukapungua na akaishi miaka mingine. Wengine wawili waliuawa na maambukizi yenyewe. Ndipo mwaka 1893 akahamia kwenye bakteria waliokwisha kuuawa.

Kwa lugha ya mtaani, ni kama sungusungu wameamshwa kumfukuza kibaka, wakamnasa na jambazi aliyekuwa amejificha mtaani siku zote.

Tatizo ni kwamba dawa yake ilitengenezwa kwa namna nyingi tofauti, na kumbukumbu zake hazikuwa nzuri. Wengine walipona, wengine hawakupona, na yeye hakuweza kueleza kwa nini. Mionzi ilipoingia, wakubwa wa fani wakampuuza. Akafariki mwaka 1936.

Binti yake, Helen Coley Nauts, hakukubali. Hakuwa daktari, lakini alipekua makaratasi ya baba, na mwaka 1953 akaanzisha taasisi ya utafiti wa kinga na kansa. Mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo wakapata Nobel kwa tiba ya kansa inayotumia kinga ya mwili. Uvimbe wa ubongo ndio bado unawasumbua watafiti.

Mimi ninachojifunza: Coley hakukosea wazo, alikosa ushahidi uliopangwa vizuri. Na wale waliomcheka walitupa mtoto pamoja na maji ya kuogea. Kwa hiyo mtu akikuletea dawa mpya, usimcheke wala usimwamini haraka. Mwombe rekodi.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?